Kuifundisha Mashine Nyumba Yetu

Kuna maneno mawili ambayo mwanafunzi wa chuo hataki kuyasikia: sapu na disko. Sapu ni mtihani wa marudio, disko ni kufukuzwa. Mwaka ule nilikuwa nimeshashika la kwanza, na la pili lilikuwa linaninyemelea. Somo lenyewe lilihusu namna ya kuiwekea mashine maarifa na kuifanya ifikiri kwa kutumia maarifa hayo. Unaipa kompyuta mambo unayoyajua, unaipa na kanuni, halafu yenyewe inatoa hitimisho ambalo hukuiambia. Ukisema kila mbuzi ana miguu minne, na huyu ni mbuzi, haina haja ya kwenda zizini kuhesabu.

Nilikuwa nimekariri kila kitu, na nikaanguka nacho chote. Mhadhiri wetu, mtu mpole asiyecheka ovyo, akanipa marudio ya aina yake. Nitajenga maarifa ya ukoo wangu mwenyewe ndani ya mashine, nitayawasilisha kwa mtandao wakati wa likizo, naye ataihoji mashine papo hapo. Sharti lilikuwa moja. Akikuta mgongano, yaani jambo moja linasema ndiyo na jingine linasema hapana, nimeanguka, na chuo ndiyo basi tena.

Nilifurahi kama mjinga. Ukoo wangu! Nani anaujua kuliko mimi? Nikarudi nyumbani Nyarero nikiwa na kompyuta begani na kiburi kifuani.

Kwetu tulikuwa watatu: bibi, mama na mimi. Bibi alizaa mabinti tu, na babu alipofariki nyumba ikabaki bila mtoto wa kiume. Kwetu Wakurya nyumba ya namna hiyo haiachwi ife. Bibi alichukua ng'ombe waliotolewa mahari ya shangazi, mmoja wa mabinti hao, akaenda nao kwa wazazi wa mama, akamuoa. Ndiyo, bibi ndiye aliyeoa. Watu wanaiita ndoa ya namna hii nyumba ntobhu. Mama alikuja kuwa mkamwana wa bibi, ingawa mwana mwenyewe hakuwahi kuzaliwa, na watoto wake ni wa nyumba ya bibi. Mwanamume aliyeshirikiana na mama kunileta duniani alichaguliwa na mama mwenyewe. Yupo, tunasalimiana vizuri mnadani, na kila mtu anaendelea na safari yake. Nimekulia humo na sikuwahi kuona ajabu yoyote.

Basi nikaanza kuandika. Mama ni mkamwana wa bibi. Bibi hana mtoto wa kiume. Kanuni nilizichukua kwenye mfano tuliopewa darasani, ambapo kila mkamwana ni mke wa mtoto wa kiume wa mkwe wake. Niliinakili bila kufikiri, maana ilionekana kama kusema maji yanalowesha. Kisha nikaiuliza mashine swali la kwanza, jepesi tu: je, mimi ni mjukuu wa bibi? Ikajibu ndiyo. Nikachekelea. Nikauliza kama mama ni mkubwa kuliko mimi. Ndiyo. Kama shangazi ni babu yangu. Ndiyo.

Nikakaa wima. Bibi alikuwa nje anaanika mihogo, namwona mgongo tu kupitia mlangoni. Nikaandika: je, bibi ni ng'ombe?

Ndiyo.

Kwa sekunde chache nilicheka, kisha nikarudi kuzisoma kanuni zangu moja moja. Nilikuwa nimesoma jambo hili na kulikariri bila kulielewa: mashine ikishaamini mambo mawili yanayopingana, inaweza kuthibitisha chochote unachotaka, hata upuuzi. Ilikuwa imepiga hesabu zake vizuri kabisa. Mama ni mkamwana, kwa hiyo bibi ana mtoto wa kiume. Bibi hana mtoto wa kiume. Kuanzia hapo kila kitu ni kweli, na bibi yangu ana pembe.

Nilipambana nayo juma zima. Nikimtoa mama kwenye ukamwana, mimi nabaki mtoto wa mpita njia na bibi hana mjukuu. Nikifuta kwamba bibi hana mtoto wa kiume, mashine inamtengeneza mwanamume hewani na kuanza kumtafutia nafasi. Mwishowe nikasema, ya nini kuteseka, nitamwandika huyo mwanamume. Nikampa jina zuri na umri unaofaa, nikamwoza mama. Mashine ikatulia tuli. Ilikuwa kazi safi, na pengine ningepata alama nzuri sana.

Nikamwangalia pale kwenye kioo cha kompyuta, mjomba wa hewani. Hapana, si mjomba, baba. Baba wa hewani. Bibi alimtamani mtoto huyo maisha yake yote, aliombewa kanisani na kupelekwa kwa wazee wa mila, na mimi nimzae kwa kubonyeza vitufe ili nipite mtihani? Nilishikwa na hasira, na sikujua namkasirikia nani. Nikamfuta. Afadhali disko, nilijiambia, ingawa sikuwa namaanisha hata kidogo.

Mtandao wa kwetu ukiamua kususa unasusa kweli, kwa hiyo siku moja kabla ya kuwasilisha nilipanda gari la Mugumu kwenda kwa shangazi, aliyeolewa Morotonga. Shangazi ana mdomo. Kabla sijatua begi alikuwa ameshaanza.

"Umekonda! Huko chuo wanakula nini? Ng'ombe wangu walitoka kwa ajili ya mtu mnene, siyo huyu."

Ni utani wake wa siku zote, kwamba bila ng'ombe wa mahari yake mimi nisingekuwepo. Nikacheka kwa adabu tu, maana rohoni nilikuwa nimekwisha. Mkwe wake, mzee wa boma lile, alikuwa ameketi barazani akichonga mpini wa jembe. Nikamsogelea, nikainamisha kichwa.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Wewe wa nyumba gani?"

"Ya mama yake shangazi. Ya Nyarero."

"Aaa! Yule mama aliyeoa. Kumbe wewe mtoto wa nyumba ile. Karibu, mama, umekua."

Akaendelea na mpini wake. Hilo tu. Nilipiga hatua kuelekea jikoni kumsaidia shangazi, nikasimama katikati ya ua kama mtu aliyesahau alikuwa anakwenda wapi. Swali hilo nimeulizwa tangu nikiwa mtoto, kisimani, kanisani, sokoni. Wewe wa nyumba gani? Nimelijibu bila kusita maisha yangu yote. Kwa nini basi ndani ya mashine hakukuwa na nyumba hata moja? Nilikuwa nimejaza watu tu, wanaume hapa na wanawake pale, nikawaunganisha kama nilivyoona kwenye mfano, na kitu ambacho kwetu ndicho kinachooa na kuzaa na kurithi sikukiweka kabisa.

Sikusaidia jikoni. Shangazi alinisema sana, na alikuwa na haki. Nilifuta kanuni ile ya kunakili, nikaandika zangu. Nyumba ina mwenye nyumba. Mkamwana ni mwanamke aliyeletwa kwenye nyumba kwa ng'ombe wa nyumba hiyo. Watoto wake ni watoto wa nyumba, na mwenye nyumba ni bibi yao. Nikajaribu kwa boma la shangazi, ambako waume wapo wa kuonekana kwa macho, nako ikakubali. Kabla jua halijazama nikauliza swali langu kuhusu ng'ombe. Mashine ikajibu hapana, nami nikaiuliza mara ya pili ili nihakikishe.

Asubuhi mhadhiri alitokea kwenye kioo, nyuma yake rafu za vitabu. Hakuniuliza habari za safari. Aliihoji mashine kuhusu shangazi, babu, mama. Majibu yakaja sawa. Kisha akasogea karibu na kamera.

"Sioni baba yako humu."

"Hayumo, mwalimu."

"Kila binadamu ana mzazi wa kiume. Iongeze kanuni hiyo, sasa hivi."

Niliandika, nikakosea herufi, nikaandika tena. Nilibonyeza nikafumba macho, nikifikiri namna nitakavyomweleza mama. Nilipofumbua, mashine ilikuwa imeandika kwamba mzazi wa kiume yupo, jina halijatajwa, na kwamba hakuna mgongano. Mtu huyo alikuwa amepata nafasi yake kama mzazi, na nyumba ya bibi haikuyumba. Mhadhiri alisoma polepole, akasoma tena, akavua miwani.

"Na huyu mtoto ni wa nani? Iulize."

Nikaiuliza. Ikajibu: wa nyumba ya bibi.

"Umepita," alisema. "Na umepita vizuri. Mfano ule wa darasani nitaurekebisha."

Sikumbuki nilivyomuaga. Nakumbuka nimekaa sakafuni kwa shangazi, nalia na kucheka, na shangazi anauliza kama nimefiwa. Nilipoweza kusema, nilipiga simu nyumbani. Mama alipiga kigelegele mpaka nikasogeza simu mbali na sikio, kisha akampa bibi. Kiswahili cha bibi ni kidogo na mambo ya kompyuta hayamhusu, kwa hiyo nilimweleza kwa ufupi, kwa Kikurya, kwamba mwalimu aliiuliza mashine mimi ni mtoto wa nani, na mashine ikasema mimi ni wa nyumba yake.



"Kwani," bibi akauliza, "kuna aliyekuwa anabisha?"

"Hakuna, bibi," nikamwambia. "Hakuna tena."