Beseech Ilivyonipigisha Magoti Manyoni

Baba yangu mdogo, mwalimu mstaafu wa Kinampanda, haamini kama Kiswahili kinatosha kuombea mke. Barua yangu ya posa aliiandika yeye, na katikati ya Kiswahili safi akapachika neno moja la Kiingereza cha zamani: beseech. Nikamuuliza ndiyo nini.

"Kusihi. Kuomba kwa kunyenyekea kabisa," akasema. "Nyie wa siku hizi mnaomba mke kama mnaomba likizo. Nyamaza."

Nikatafuta bahasha. Baba mdogo habishiwi.

Mshenga akaipeleka Manyoni. Mimi nikabaki nyumbani, maana kwetu mposaji hajipeleki. Barua inasomwa mbele ya wazee wao, wewe unasubiri simu. Simu ikaja saa nane mchana.

"Mzee kakwama kwenye neno," mshenga akasema.

Baba wa binti, mstaafu wa reli, alikuwa ametoa kamusi kuukuu kabatini, akalisoma lile neno mara mbili, kisha akaikunja barua. Anayeomba kwa kiwango hicho, alisema, haombi kwa karatasi. Aje anyenyekee mwenyewe tumwone. Asipokuja, posa hakuna.

Jamani! Miaka minne nampenda yule dada, halafu nimkose kwa neno ambalo hata sikuliandika mimi! Niliogopa, na nilikasirika. Nikampigia baba mdogo nikifoka. Yeye akafurahi.

"Umeona? Mzee amesoma huyo. Nenda."

Nikaenda. Uani walikuwa wameanika alizeti, nikapiga magoti pembeni yake, mwanaume mzima na suruali ya kuazima, shangazi za binti wakijiziba midomo kwa khanga. Kuku akaja kunidonoa kiatu.

"Shikamoo mzee. Nakusihi."

Nikamsihi na mama. Nikawasihi wajomba wawili, na bibi mmoja ambaye, niliambiwa baadaye, alikuwa jirani tu, kafuata chumvi. Mzee akaitikia kwa kichwa.

"Hapo sawa. Mimi nimeridhika."

Nikaanza kuinuka, meno yote nje. Ndipo binti mwenyewe akatoka jikoni, mikono imejaa unga, hacheki hata kidogo.

"Umemaliza ukoo mzima na majirani," akaniambia. "Mimi umeniomba lini?"

Nikaitafuta siku hiyo katika miaka yote minne, nisiione. Nilikuwa nimemwambia tu kwamba tutaoana. Nikarudi chini.