Kiti cha Nyuma Kilichogonga Mara Tatu

Ilikuwa saa nne asubuhi. Jua limewaka, maji yametulia kama yamepigwa pasi.

Ndani ya boti kulikuwa na abiria kumi na wanane. Tulikuwa tumezima injini ili shemeji yangu atoe majani yaliyojisokota kwenye pangaboi.

Kimya.

Kisha kiti cha nyuma kikagonga.

Ko. Ko. Ko.

Hakuna mtu aliyekipiga. Kiligonga chenyewe, kutokea ndani, kama mtu aliyefungiwa chumbani anaomba afunguliwe.

Mama mmoja aliyekuwa amekikalia aliruka utadhani kaungua.

"Kapteni, chini ya kiti chako umefuga nini?"

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka.

Ila kijasho chembamba kilikuwa kinanishuka mgongoni.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo ili tuwe pamoja.

Mimi ni fundi wa viti vya boti. Miaka ishirini na miwili nimeranda mbao, nimekata sponji, nimeshona ngozi. Halafu nikaacha. Walioniuliza niliwaambia mgongo unanisumbua.

Nikanunua boti ya faiba, mtumba lakini nzima, ya kuvusha watu kwenda ng'ambo kwenye hospitali na soko. Usukani nikampa shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Ana mdomo mrefu, lakini injini anaijua.

Shida ni moja: boti ilikuja bila viti.

Hapo ndipo vita ilipoanza nyumbani.

"Baba watoto, fundi si wewe?" mke wangu akaniuliza. "Tengeneza vyako."

"Mbao zikauke, gundi ishike, ngozi ishonwe. Mwezi mzima boti imelala tu. Nanunua vilivyo tayari."

"Mwezi wa nani? Kwa wenzio ulikuwa unamaliza siku tisa."

"Mgongo, mama watoto."

"Mgongo wa kubeba injini unao, wa kushika bisibisi huna?"

Nikatoka. Kuna maswali ukiyajibu unajifunga mwenyewe.

Kulikuwa na mama mmoja anayeuza vifaa vya boti zilizokufa. Nanga, taa, usukani, kila kitu. Tulizoea kumwita Mama Vyuma. Kwenye banda lake nikakuta viti sita virefu, ngozi ya bluu inang'aa.

"Ngozi nimevivika mpya," akasema. "Ndani sijagusa kitu. Piga ngumi uone."

Nikapiga. Mbao ikajibu kama ukuta.

"Aliyevitengeneza hakuwa mbabaishaji," akasema.

Nikakubali. Kazi nzuri fundi anaijua hata kwa mkono.

"Vimetoka boti gani?"

"Nilinunua kwa mtu, aliyenunua kwa mtu." Akacheka. "Unanunua kiti au unaoa?"

Chini ya kila kiti kulikuwa na sanduku lililofungwa pande zote. Nikajisemea, poa, hewa ya humo itasaidia boti kuelea. Majaketi ya kuokolea maisha nikayaning'iniza juu, chini ya turubai, kila abiria ayaone. Siku mbili tu, tukaanza kazi.

Wiki ya kwanza, shwari.

Wiki ya pili, ko ko ko.

Kikawa kinagonga kila tukizima injini. Mara tatu, kisha kimya kifupi, kama mtu anavuta pumzi. Halafu mara tatu tena.

Shemeji akapiga magoti, akamulika tochi kila upenyo. Hakuna panya, hakuna chupa inayobingirika, hakuna kitu.

Kikaanza na kulowa. Tunakianika asubuhi kinakauka kabisa. Ikifika adhuhuri, ukikishika, mkono unatoka umelowa. Na mvua hakuna.

Abiria wakaanza kubanana mbele mpaka boti inainamisha pua. Mtaani tukapewa jina: boti ya ko-ko-ko. Wengine wakahamia kwa wenzetu.

"Shem," shemeji akaniambia, "hiki kiti tukichome."

"Ni mbao tu. Ikilowa inajinyoosha."

Alinitazama. Alijua namdanganya. Mbao inalia, mbao inapasuka. Lakini haijawahi kuhesabu.

Sasa ikatokea siku barabara ya kuzunguka kwenda ng'ambo ilifungwa, wanatengeneza daraja. Watu wote wakaja majini.

Kati yao alikuwepo dada mmoja nesi, yuko kwenye sare yake nyeupe. Sikuwahi kumwona. Alipanda kama mgonjwa anayeingia chumba cha upasuaji. Alikataa kukaa. Akashika nguzo ya turubai kwa mikono miwili, macho kafumba.

"Binti, kaa tu, tutafika," nikamwambia.

"Baba, niache hivi hivi."

Katikati ya maji mpira wa mafuta ukachomoka. Injini ikazima.

Ko. Ko. Ko.

Nesi akafumbua macho.

Watu walianza utani wao. Akawakata: "Nyamazeni!"

Boti nzima ikanyamaza. Midomo yake ilikuwa inatikisika. Anahesabu.

Ko. Ko. Ko.

"Vuta," akanong'ona.

Ko. Ko. Ko.

"Vuta."

Jamani, nywele zilinisimama. Alikuwa anaijua ile sauti kama mtu anavyojua mlango wa kwao.

Tulipofika ng'ambo abiria wote wakashuka mbio. Yeye akabaki, akakaa kwenye ngazi ya gati.

"Viti hivi umevitoa wapi?"

"Nimenunua. Nini kimekupata, binti?"

Akanisimulia. Sauti yake haikupanda wala kushuka.

Miaka mitatu nyuma alikuwa kwenye boti nyingine na mdogo wake wa kike. Ikapata tundu. Haikuzama kwa kishindo, ilizama taratibu, dakika kama ishirini. Muda ulikuwepo. Nahodha akapiga kelele kwamba majaketi yako chini ya viti.

"Vifuniko havikufunguka," akasema. "Tukawa tunapiga ngumi tatu kwa pamoja ili mbao ipasuke, halafu tunavuta. Tunapiga tatu, tunavuta. Haikupasuka, baba. Ilikuwa mbao nzuri."

Nikageuka nikakitazama kile kiti.

"Mimi nilipata dumu la mafuta, nikaelea nalo. Mdogo wangu alibaki kwenye kiti. Bado alikuwa anavuta."

Walikufa watu kumi na mmoja. Tangu siku hiyo alikuwa anazunguka kwa basi, mwendo wa saa tatu kwenda na saa tatu kurudi, asiyaone maji.

Akasimama, akajifuta uso, akaenda zamu.

Mchana huohuo mimi na shemeji tulikishusha kile kiti ufukweni.

Nikachana ngozi ya bluu, nikaondoa sponji. Mbao ikabaki wazi.

Shemeji akarudi nyuma hatua mbili. "Shem... nini hiki?"

Ilikuwa mikwaruzo. Mingi, imepishana, imejaa ukingo mzima wa kifuniko. Mikwaruzo ya kucha.

Nikahesabu skrubu. Kumi na sita, na chini yake gundi. Kufungua kulinichukua muda mrefu. Kifuniko kilipotoka, humo ndani kulikuwa kukavu kabisa.

Majaketi sita. Rangi ya machungwa. Bado yamo kwenye mifuko yake ya nailoni, hayajawahi kuvaliwa.

Shemeji, yule mwenye mdomo mrefu, alikaa mchangani akashika kichwa.

Nikageuza kifuniko. Upande wa ndani kulikuwa na maandishi ya penseli ya fundi. Vipimo. Na neno moja: kimefungwa.

"Unaujua huu mwandiko?" shemeji akauliza.

Nikapitisha kidole juu ya ile penseli.

"Ni wangu."

Sasa niwaambie kitu ambacho hata mke wangu alikuwa hajui. Mgongo wangu haujawahi kuuma hata siku moja.

Mwenye ile boti iliyozama, ambayo viti vyake nilivitengeneza mimi, alikuja karakana kwetu akiwa na hasira. "Fundi, abiria wanageuza majaketi yangu mito, wengine wanashuka nayo. Nimenunua mapya; funga hivyo vifuniko."

Nikamwambia, "Bosi, siku ya shida watayatoaje?"

Akacheka. "Shida ipi? Mkaguzi akija ataambiwa yapo, na kweli yapo. Wewe funga."

Nikafunga. Na kwa sababu mimi ni mtu wa kazi safi, nikaongeza na gundi ambayo hakuiagiza.

Baada ya miezi minne nikasikia redioni kwamba boti imezama. Jina nililijua. Sikuuliza mtu chochote. Nilijiambia labda walivunja, labda walikuwa na mengine. Lakini tangu siku hiyo, nikishika bisibisi juu ya kiti, vidole vinakufa ganzi. Ndiyo maana nilinunua vilivyo tayari. Nilikuwa nakimbia viti nilivyotengeneza, nikaenda kuvichagua kwa mikono yangu, nikavisifia, nikavipakia mwenyewe.

Nilimwambia mke wangu kwanza. Hakunigombeza. Alitoka nje akakaa peke yake mpaka chakula kikapoa.

Kesho yake nikamfuata nesi hospitalini. Nikamweleza koridoni, watu wanapita. Nilitegemea anizabe kibao. Aliniuliza tu: "Utaweza kumwambia mama yangu hivi hivi, bila kupunguza?"

Tukaenda.

Mama yake alikuwa anachambua mchele barazani. Nikamwamkia: "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu."

Nikasema yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, ungo uko mapajani.

"Kukifunga kulikuchukua muda gani, fundi?"

"Nusu saa, mama."

Akatikisa kichwa polepole.

"Na kuweka bisibisi chini, kungekuchukua muda gani?"

Nikaitazama mikono yangu.

Hakuniambia amenisamehe, na mimi sikuomba. Siku ile ile nilikwenda kwa wakaguzi wa vyombo vya majini nikaandika maelezo: kazi niliyofanya, na nani aliniagiza. Vile viti vitano vingine navyo nikavifungua; majaketi na vifuniko vyote sita nikawakabidhi. Yule bosi anahojiwa. Na mimi nahojiwa. Itakavyokuwa, na iwe.

Viti vya boti yangu nimetengeneza mwenyewe, siku tisa. Havina vifuniko. Mbele viko wazi, ukinyoosha mkono unashika jaketi.

Watu wananiuliza kama ile sauti imekoma.

Kwenye boti imekoma.

Ninachotaka mchukue hapa ni hiki. Kiti cha kununua si kibaya, na cha kutengeneza mwenyewe si lazima kiwe salama. Nilivitengeneza mwenyewe vile vilivyoua. Kama wewe ni fundi na umeambiwa ufunge kitu kinachotakiwa kufunguka, usijifiche nyuma ya aliyekutuma. Mkono ni wako. Kataa, hata kama utaonekana mjuaji, hata kama kazi atapewa mwingine.

Na kama unasoma hapa ukiwa ndani ya boti kabla haijaondoka, usione aibu. Simama sasa hivi, inua kifuniko cha kiti chako. Kisipoinuka, shuka.