Nafasi ya Nakato

Usiniulize kama nilikuwa nimesinzia, wala usiniulize kama nilikuwa na homa. Nimeshaulizwa yote hayo na nimechoka. Nilikuwa macho, ofisini, mchana kweupe, chai yangu ya tangawizi bado yafuka moshi mezani. Watu wakisikia habari za mzimu wanataka usiku wa manane, wanataka makaburi na mbwa wanaobweka. Wangu mimi alikuja saa za kazi, akakaa kwenye kiti kidogo cha plastiki, miguu haifiki chini. Ukitaka kuamini amini, usipotaka basi, lakini nisikilize mpaka mwisho.

Mimi ni mtu wa Mombasa. Niliolewa huku Kampala, kwenye moja ya zile familia za Waislamu wa asili ya pwani waliokaa Bukoto tangu enzi za babu zao. Kazi yangu ni kuandikisha watoto wadogo katika shule moja ya binafsi kule Kansanga. Bebi klasi, wale wa miaka mitatu, ambao wengine pampasi zimewatoka juzi tu. Mzazi anakuja na mwanawe, namkalisha mtoto, nampa vitofali vya rangi, namuuliza jina lake, naangalia kama anaweza kuiachia sketi ya mama yake bila kupasuka koo. Baada ya hapo yanabaki maneno mawili: ama "karibu", ama "samahani, nafasi zimejaa". Hilo la pili nimeshawaambia wakubwa na magari yao makubwa, na sikupepesa jicho. Lakini Kiganda changu, nisikufiche, ni cha kununulia nyanya.

Basi siku moja akaja mama anayeuza viatu vya mitumba Nakivubo. Kila mtu alimwita Nalongo, maana huku mwanamke akizaa mapacha jina lake la zamani linawekwa kando, anakuwa Nalongo maisha yake yote. Kiswahili alijifunza sokoni kwa wateja wake Wakongomani, na kilikuwa kile cha Kampala, l na r zimebadilishana viti. Kila nikimwambia neno ananijibu, "Mungu akupe balaka, Hajati." Na mimi Maka naiona kwenye kalenda tu! Lakini huku ukijifunga mtandio, watu wameshakuhijisha.

Mtoto aliyekuja naye aliitwa Babirye. Ah, hata mimi na Kiganda changu hicho najua Babirye ni pacha wa kwanza, na wa pili akiwa msichana huitwa Nakato. Nikauliza, "Na Nakato yuko wapi? Mbona hukuwaleta wote?"

Akaangalia mikono yake. "Ule ingine iliruka, Hajati."

Sasa wewe ungeelewaje? Punde tu alikuwa ameniambia baba yao, Salongo, yuko Uarabuni anafanya kazi ya ulinzi. Na Kampala hii, kila wiki kuna mtu anaruka kwenda huko. Nikajua mtoto kapandishwa ndege, kapelekwa kwa baba yake. Nikacheka, wallahi nilicheka, nikasema, "Ala! Kaanza safari mapema huyo. Haya, akirudi mwambie aje. Nafasi yake ipo, namwekea ubavuni kwa mwenzake."

Wala sikuishia hapo. Darasani kila mtoto ana ndoano yake ya kutundikia mkoba, na juu yake picha, kwa kuwa hawajui kusoma. Babirye alichagua samaki. Nikachukua samaki wa pili nikambandika kwenye ndoano ya jirani, mbele ya macho ya mama yake, nikasema, "Hii ya Nakato." Nalongo alinitazama, kisha akasema asante kwa sauti ndogo. Nikamwona ni mama mwenye haya.

Shule ikafunguliwa. Mchana mmoja ikashuka mvua kubwa, watoto wamelazwa darasani, mimi niko peke yangu na chai yangu. Nikainua macho, Babirye amesimama mlangoni.

"Wewe, umetorokaje?"

"Mimi si Babirye. Mimi Nakato. Umesema nije."

Nilifurahi, jamani! Nikamkaribisha kwa mikono miwili. Kitu kimoja tu kilinishangaza, Kiswahili chake. Hakikuwa cha mama yake. Kilikuwa cha kwetu, cha nyumbani kwetu hasa, ungedhani mtoto kalelewa Mombasa. Nikajisemea, labda huko Uarabuni wanaishi na watu wa pwani. Mtu akitaka kujidanganya hakosi la kusema.

Nikamuuliza nani kamleta. "Nimekuja mwenyewe," akasema. Nje mvua yamwagika, na gauni lake, la kitambaa kizito cha rangi ya udongo, halina hata tone moja. Nikampa vitofali. Akajenga minara miwili, sawasawa kabisa, mmoja akaukumbatia kwa viganja asiuachie. Nikamuuliza, "Una miaka mingapi, mama?"

"Babirye amenipita."

Nikacheka tena. Mapacha hao, mmoja atampitaje mwenzake? Nikamshika mkono nimpeleke akaone ndoano yake. Mkono ulikuwa baridi kama kitu kilichotolewa kwenye friji, nikamwambia, "Masikini, mvua imekuingia." Tulipofika darasani nikamwita Prossy, mwalimu wao, ambaye ni Muganda. "Njoo umwone Nakato, amesharudi!" Nikageuka nimwonyeshe. Hakukuwa na mtu. Nilikuwa nimekunja vidole, nimeshika hewa.

Prossy akaniuliza polepole, Nakato gani. Nikamweleza yote, pamoja na lile neno la mama yake. Akanivuta pembeni. "Madam, sisi pacha hatusemi amekufa. Ni mwiko. Tunasema ameruka."

Nikakaa pale pale sakafuni, katikati ya viatu vya watoto. Unaelewa nilichokifanya? Nilimwambia mama aliyefiwa kwamba mwanawe akirudi aje. Nikamwekea na mahali pa kutundika mkoba.

Laiti ingeishia hapo. Tangu siku ile Babirye akawa anakaa pembeni kabisa ya benchi, anaacha nafasi. Uji wake anakunywa nusu, nusu anausogeza kando. Ukimuuliza, anasema ni wa Nakato. Halafu hiyo nusu yake nayo ikamshinda. Akakonda, macho yakaingia ndani, hospitali wakampima wasione kitu. Asubuhi moja akamwambia Prossy kwamba Nakato amechoka kuja na kurudi peke yake, anataka waondoke wote wawili. Prossy alinitafsiria huku analia.

Kesho yake Nalongo akaja, Prossy ameshamweleza yote, akafunga mlango nyuma yake. Nilijiandaa kutukanwa, na ningestahili. Swali lake la kwanza, haki ya Mungu, lilikuwa hili: "Ilikuwa imenenepa kidogo?"

Kwani ugonjwa ndio uliommaliza Nakato, ukamwacha mifupa. Nikatikisa kichwa kukubali. Nalongo akafunika uso kwa mtandio, akalia, kisha akaniambia neno ambalo silali nikilikumbuka. "Nilijua hukuelewa, Hajati. Lakini nilinyamaza. Ilikuwa tamu kwa roho, kusikia mtoto yangu iko na nafasi."

Tukalia wote, mimi na yeye. Halafu akajipangusa.

"Sasa itachukua hii moja ilibaki. Wewe ndiyo uliita. Muambie nafasi hakuna."

"Nalongo, ni mwanao. Mwambie wewe."

"Mama inafukuza mtoto yake? Mimi haiwezi. Wewe hiyo ndiyo kazi yako."

Lo, lilinichoma! Lakini alisema uongo gani? Mchana ule ule tukangoja. Yeye akaketi nje barazani, ameupa mlango mgongo, mtandio ameukaza masikioni. Watoto walipolazwa, Nakato akaingia, akaketi kwenye kiti chake, akaangalia meza kama vitofali vipo. Kidogo nimwambie karibu, ulimi umezoea.

"Nakato, mama," nikasema, "nafasi zimejaa."

Akanitazama. "Nilikosea vitofali?"

"Hukukosea. Ulifanya vizuri sana."

"Kiti sikitaki. Nitakaa chini."

Ewe unayenisikiliza, wewe ungefanyaje? Mtoto anaomba sakafu. Nilitaka kumbeba. Nilitaka kumwambia kaa, kaa popote upendapo. Lakini ng'ambo ya ukuta Babirye alikuwa amelala na pumzi yake nyembamba, na mama yake yuko nje na huyo mmoja tu. Nikasema tena, na sauti haikuwa yangu, "Nafasi zimejaa, mwanangu. Usije tena."

Akashuka kwenye kiti. Akapiga magoti mbele yangu, vile mabinti wa Kiganda wanavyofanya kwa wakubwa, na kile Kiswahili cha kwetu kikawa kimemtoka. "Weraba, nyabo," akasema. Kwaheri, mama. Akatoka, akampita mama yake kwa karibu kabisa, gauni likamgusa bega. Nalongo hakugeuka. Niliona mishipa ya mikono yake ilivyosimama.

Jioni hiyo Babirye aliomba chakula, akala akaongezewa. Yuko hai, ni mzima, anakimbia na wenzake, namshukuru Mungu kwa hilo kila siku. Nalongo, kabla hajaondoka, alisimama mlangoni akauliza jambo moja tu. "Ilipiga magoti?"

"Ndiyo, Nalongo."

"Nilifundisha mimi," akasema, akaenda zake.

Na mimi? Kiganja hiki cha kulia, nilichomshikia Nakato mkono, hakijapata joto tena. Hata nikiwa jikoni kwenye sigiri, hata nikikishikilia kikombe, baridi. Mume wangu nikimgusa usingizini anashtuka. Kazi bado naifanya, ila lile neno la kumkatalia mtoto siliwezi, namwachia Prossy aliseme na mimi najificha stoo. Mvua ya mchana ikinyesha naufunga mlango kwa ufunguo, halafu najichukia kwa kuufunga.

Sikusimulii ili ucheke. Wewe unayeishi na watu wa lugha nyingine, unayefanya nao kazi na kuzungumza nao kutwa, neno lao usipolielewa vizuri, uliza. Usione haya. Na usimwite mtu mpaka ujue anaitwa kutoka wapi. Mimi sikuuliza, nilicheka tu, na mtoto mdogo kiasi kile alitoka ofisini kwangu akidhani amefeli.