Kitambaa cha Ndani ya Mshono

Fundi aliujua mwili wa wifi yake kuliko daktari yeyote. Miaka tisa alikuwa akimpima, na futi kamba yake haijui kumsifia mtu. Safari hii kiuno kilikuwa kimepungua inchi sita.

"Libane hili gauni, wifi," mke wa kaka yake alisema, akijigeuzageuza mbele ya kioo. "Na kile kitambaa cha ziada unachoachaga ndani ya mshono, kata utupe. Mimi kule sirudi."

"Umefanyaje?"

"Nachoma sindano, moja kwa wiki. Chakula nakiangalia tu kama picha ukutani."

Fundi akatega sikio. Yeye mwenyewe ana sukari, na tangu mwezi uliopita kidole gumba cha mguu wa kulia kimeingia ganzi. Ndio mguu anaokanyagia cherehani. Ukigoma, kazi imekwisha. Daktari alishamwambia vidonge havitoshi tena: zipo sindano mbili za kila wiki, Ijumaa aje wachague.

"Na kaka, kwa sukari yake, anachoma hiyohiyo?"

"Thubutu! Ya kaka yako ya wagonjwa wa sukari. Yangu ya kukonda." Wifi alikuwa ametoka duka la dawa muda huohuo. Akaweka maboksi mawili, lake na la mumewe, juu ya meza ya kukatia. "Jionee."

Fundi hakushughulika na majina makubwa. Alivaa miwani ya kutungia uzi, akasoma maandishi ya chini, madogo kama mayai ya chawa. Boksi hili, kisha lile, kisha hili tena.

"Wifi, dawa ni ileile."

"Acha utani!"

"Jina la juu tofauti, la chini moja. Yako kipimo kimezidi tu. Mnalala kitanda kimoja, mnachoma dawa moja, halafu mmoja anaringa."

Wifi alicheka mpaka akamwaga pini. Kisha akasukuma boksi lake. "Basi chukua uanze leo. Ijumaa mbali."

Mkono wa fundi ukaenda. Chini ya meza kidole kilikuwa kimya, kama cha mtu mwingine.

"Kipimo hiki umekifikia baada ya muda gani?"

"Miezi mitano. Nilianza kidogokidogo, na bado nilitapika."

Mkono ukarudi. "Hilo ni gauni lako, wifi. Mimi sijapimwa."

Ijumaa alimchimba daktari maswali mpaka daktari akaweka kalamu chini. Sindano ya kaka ilikuwa mojawapo ya zile mbili. Ya pili inaiga homoni mbili za tumbo badala ya moja, na kwa wengi hushusha sukari na uzito zaidi. Zote huanza chini, zote huweza kuchafua tumbo.

"Na mguu wangu?"

"Ganzi siwezi kukuahidi itaondoka. Sukari ikishuka, tunajaribu kuizuia ganzi isipande juu zaidi mguuni."

"Na mtu akiacha kuchoma?"

"Sukari hupanda. Uzito nao, kwa wengi, hurudi."

Alichagua ya pili, kwa kipimo cha chini kabisa.

Aliporudi alilibana gauni la wifi inchi sita kamili. Kitambaa cha ndani hakukikata. Alikikunja, akakipiga pasi kikalala, akakanyaga cherehani polepole, akisikiliza mguu.