Siku Mke Wangu Alipomwambia Afisa wa Ndoa, "Bado Nafikiria"

Alhamisi, tarehe 7 Agosti 2025. Asubuhi kulikuwa na manyunyu mepesi, kiasi cha kulowesha vumbi la Tarasaa na kulibandika kwenye viatu nilivyokuwa nimevipiga rangi mara mbili.

Saa nne kamili, ndani ya ofisi moja pale Garsen, mke niliyeishi naye miaka thelathini na moja aliulizwa kama ananikubali kuwa mume wake.

Akasema, "Bado nafikiria."

Wacha nianze mwanzo.

Kitambulisho changu kinasema Safari. Tarasaa hakuna anayelitumia jina hilo. Kuanzia kanisani hadi kwa fundi wa baiskeli, mimi ni Baba Nelly.

Nina miaka hamsini na nane. Ni mkulima. Januari mwaka huu nilianza masomo ya jioni ya watu wazima, yale tunayoyaita ngumbaru, na nilianza kwa maombi. Wenzangu kanisani hufunga kwa ajili ya wagonjwa. Mimi nilifunga siku mbili kwa ajili ya herufi R, kwa sababu kila nikiiandika ilikuwa inaanguka chali.

Mungu ni mwema. Kufikia Juni nilikuwa nasoma. Polepole, kidole juu ya neno, lakini nasoma.

Hapo ndipo kichwa kikavimba. Nikaanza kujiona wakili.

Mwaka huu pia hati ya shamba letu ilitoka. Nikaamua kuligawa nikiwa hai, wanangu wasije wakagombana juu ya kaburi langu. Nikachana ukurasa wa daftari, nikaandika warithi kwa mkono wangu mwenyewe. Ilinichukua jioni tatu.

Kalama. Karisa.

Wanangu wawili wa kiume, wote wako Malindi kwa shughuli zao. Kila jioni niliiombea ile karatasi, mwishowe nikaikunja, nikaiweka ndani ya Biblia.

Na Nelly je?

Nelly ndiye kifungua mimba wetu. Ndoa yake ilivunjika, akarudi nyumbani na watoto wawili, huu mwaka wa nne. Ndiye anayelima ule upande wa chini, mahindi na kunde. Nilijiambia ataolewa tena. Kwetu mtoto wa kike alihesabiwa kuwa ni wa kwenda. Kusema kweli, hata sikuona kama kuna mtu nimemwacha.

Kwenye ofisi ya ardhi nikaambiwa siwezi kugawa mpaka mke akubali kwa sahihi yake. Cheti cha ndoa kiko wapi?

Sina. Kadii nilimwoa kimila, kwa mahari na mnazi, na waliokunywa ule mnazi wengi wameshazikwa. Wakaniambia siku hizi hata ndoa kama hiyo husajiliwa.

Nikasema hilo si neno. Asubuhi tunasajili ndoa, mchana mama anaweka sahihi, jioni niko darasani.

Kuna jambo nimeliruka.

Mwalimu wetu wa ngumbaru, Linda, binti wa miaka ishirini na sita, alinipa kijitabu cha kurasa nane nikifanyie mazoezi. Kila jioni nilikisoma kwa sauti jikoni, Kadii akipukuchua mahindi.

"Rudia hapo, Baba Nelly."

Narudia.

"Hapo tena."

Narudia kwa sauti nzito zaidi. Nilidhani ameipenda sauti.

Kijitabu kilihusu nini? Wakati ule ungeniuliza, ningekuambia kilihusu maneno marefu.

Basi turudi Garsen. Shahidi wa Kadii alikuwa kaka yake, Baya. Shahidi wangu alikuwa Dhadho, mzee wa Kipokomo ninayekaa naye dawati moja ngumbaru. Afisa alikuwa msichana mpole, Bi Kadra.

"Mzee, unamkubali..."

"Ndiyo."

"Sijamaliza, mzee."

"Ndiyo hata ukimaliza."

Watu waliopanga foleni mlangoni wakacheka. Nikajiona kijana.

"Na wewe mama, unamkubali Bwana Safari kuwa mume wako?"

"Bado nafikiria."

Baya akaanza kucheka, akamwona dada yake hacheki, akakigeuza kicheko kikawa kikohozi.

Dhadho akaninong'oneza, "Mzee mwenzangu, siku ile ulimuuliza mwenyewe?"

"Nilimuuliza baba yake."

"Si ndiyo hiyo sasa."

Bi Kadra akaweka kalamu chini. "Mama, kuna mtu anakulazimisha?"

"Hapana, mwanangu. Zamani hakuna aliyeniuliza. Leo serikali imeniuliza, nami nataka nijibu vizuri."

"Mama Nelly," nikasema chini kwa chini, "watu wanangoja."

"Hata mimi nimengoja. Toa ile karatasi ya ndani ya Biblia, uisome."

Nikaganda. Kadii hajui kusoma. Kisha nikakumbuka kwamba mimi huomba kwa sauti. Jioni tatu nilimtajia Mungu majina yale mawili, na mke wangu alikuwa hatua nne tu kutoka kwangu.

Nikaitoa. Nikasoma. "Kalama. Karisa."

"Endelea."

"Yameisha."

Kadii akajiweka sawa kwenye kiti, akatazama ukutani kama mtoto anayesema shairi.

"Ukurasa wa tano. Mtoto wa kike na mtoto wa kiume wana haki sawa ya kurithi mali ya wazazi wao. Ukurasa wa sita. Ardhi ya familia isi... isiha... isihamishwe bila ridhaa ya mume au mke."

Neno kwa neno. Hata pale ninapokwama mimi, naye alikwama.

Bi Kadra akamtazama. "Mama, sheria umesomea wapi?"

"Jikoni. Mwalimu wangu ni huyu hapa."

Dhadho akainama kufunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa ndara.

Nikajaribu kujitetea. "Lakini Kadii, hiyo ndiyo mila tuliyoikuta."

"Mila tuliyoikuta haikuwa na mzee wa miaka hamsini na nane anayebeba daftari kwenda shule. Hiyo uliipita bila hata kuiaga. Ukifika kwa Nelly ndipo unaikumbuka?"

Nikaomba ruhusa nitoke nikaombe kidogo.

Nyuma ya ofisi kuna tangi la maji. Nikasimama hapo, nikamsihi Mungu amlainishe mke wangu. Nikangoja.

Halafu mlinzi akachungulia kwenye kona. "Baba Nelly, unaitwa ndani."

Yule mlinzi hanijui. Nadhani alisikia tu ninavyoitwa mle ndani. Lakini nililirudia jina hilo kwa sauti.

Baba Nelly. Mara ngapi nimeitikia jina hilo? Mafuriko yalipotutoa nyumbani, niliandikishwa kwa jina hilo. Nikiitwa kuomba kanisani, naitwa kwa jina hilo. Mtoto huyu ndiye aliyenipa jina, nami nikakaa na kalamu jioni tatu, nisimkumbuke.

Nikagundua nilikuwa nimeomba kwa mlango usio wangu. Aliyehitaji kulainishwa hakuwa Kadii.

Nikarudi ndani, nikaazima kalamu. Juu ya Kalama kulikuwa na nafasi ndogo. Sikuwahi kuliandika jina la Nelly hata siku moja. Nikakaza ulimi kwenye meno.

"Mzee anaandika Agano Jipya?" mtu akauliza kutoka kwenye foleni.

Nikaandika mpaka nikamaliza. Kadii akaichukua karatasi. Hajui herufi, lakini alihesabu mistari kwa kidole. Mmoja, miwili, mitatu.

Nawe unayesoma haya, nikuachie nililojifunza, ingawa nimelijifunza nimechelewa kama yote mengine. Ukijifunza kusoma ukubwani, sikiliza unachosoma, maana jikoni kuna mtu anasikia. Na ukipiga magoti kuomba mwenzako abadilike, kaa hapo kidogo zaidi. Huenda aliyeletwa kwa fundi ni wewe.

Kadii aliweka karatasi mezani mbele ya Bi Kadra. "Karatasi hupotea," akasema. "Simama useme, watu wasikie."

Nikasimama. "Mimi Safari..."

"Nani?" akauliza Kadii.

Nikaanza upya.

"Mimi Baba Nelly, mbele ya Mungu, mbele ya Bi Kadra, Baya na Dhadho, naahidi kwamba shamba letu la Tarasaa litagawanywa mafungu matatu yaliyo sawa, na Nelly ndiye atakayechagua kwanza."

Bi Kadra akaokota kalamu yake. "Na wewe mama?"

Kadii naye akasimama, akajifunga leso vizuri kiunoni.

"Mimi Kadii nimemkubali Baba Nelly kuwa mume wangu. Na siku atakaposahau, naahidi mbele yenu nitamsomea ukurasa wa tano."