Ngao ya Mwanamke Aliyejua Kuanguka

Wako watu walioinuliwa kwa sifa, na yuko Mama Makochi, aliyeinuliwa kwa kuangushwa. Asiyeamini anune tu, lakini asikilize kwanza.

Mama Makochi alikuwa fundi wa kuvalisha viti. Kibanda chake kilijaa sponji, springi na misumari midogo, ambayo aliibana midomoni huku akisengenya, na hakuwahi kuumeza hata mmoja. Mmoja tu ulimtoka kwa chafya, ukaenda kupigilia kalenda ukutani. Mpaka leo kalenda hiyo haijateremshwa.

Siku moja mwalimu wa judo, ambaye mchana alikuwa akichomelea mageti, alimwita ashone magodoro ya mazoezi yaliyochanika katika ukumbi wao, ghala la zamani la saruji. Alipokata uzi wa mwisho akasimama katikati, mikono kiunoni.

"Kochi nalijaribu kwa kulikalia. Hili dude lenu najaribuje?"

"Kwa kuliangukia, mama."

"Basi niangushe. Mimi sikabidhi kazi nisiyoijaribu."

Mwalimu akamwangusha kwa adabu zote. Mama Makochi akainuka, akasema kona ya kushoto ina ubonyeo, akaomba aangushwe na huko. Ndiyo kwaheri ya kukaa nyumbani jioni. Akifunga kibanda, anavaa suti nyeupe aliyojishonea kwa kitambaa cha foronya, huyoo, anakwenda kuangushwa. Kidevu kifuani, mkono ukipiga godoro, mwili ukiviringika kama jora la kitambaa. Kila mgeni alianzia kwake, maana hata mwoga wa paka angethubutu kumwangusha mtu anayeinuka akicheka. Ila yeye mwenyewe hakuwahi kumwangusha mtu. Aliogopa kuumiza.

Wifi yake, dada wa mumewe, hakumpa nafasi ya kupumua. "Wifi, wenzio wanakwenda kukandwa, wewe unakwenda kupigwa chini?"

"Kinachopigwa chini ni nguo, tena na dobi. Mimi naangushwa."

Mwisho wa mwaka ukumbi ulitoa ngao ya shaba kwa aliye bora kuliko wote. Kila mtu alijua mwenyewe ni Nondo, mpakua mizigo mwenye mabega kama kabati, aliyewalaza washindani wa kumbi zote za jirani. Mwalimu akakohoa, akamwita Mama Makochi.

"Tuzo ya kuanguka!" wifi akapaza sauti kutoka kwenye mabenchi. "Basi na walevi wapewe zao!"

Watu wakacheka. Mwalimu akangoja wamalize. "Nondo ana medali zake, na amezitolea jasho. Ngao ni ya mtu anayewafanya wenzake wawe bora. Nani hapa hakujifunzia mgongoni mwa huyu mama? Na nani aliumia?"

Lakini ukumbi ule ulikuwa na desturi yake: ngao haipokelewi kwa mkono mtupu. Mpewa lazima amwangushe mwalimu mbele ya watu. Akishindwa, ngao inabaki kwenye msumari wake ukutani, na ilikuwa imebaki hapo miaka mingi. Mama Makochi akakaza mkanda wa suti yake. Shaba haikumshughulisha. Alitaka kujua kama ile ni haki yake au ni huruma iliyong'arishwa.

Akamshika mwalimu kola. Mwalimu akatikisa bega tu, na puu! Mama Makochi akaanguka mwenyewe, tena vizuri ajabu, bila kuguswa. Ukumbi uliangua kicheko hadi popo wa darini wakahama na watoto wao.

"Wifi! Mbona umejiangusha!"

"Mazoea yana taabu," akajibu akiwa bado chini. "Ngoja."

Akainuka, akashika tena, safari hii akafumba macho. Hakutafuta nguvu. Alitafuta pale ambapo yeye, angekuwa ndiye mwalimu, angeanza kuanguka. Mahali hapo alipajua kuliko mlango wa nyumba yake: unyayo umekuwa mwepesi, pumzi inatoka. Mwalimu akahamisha mguu. Mama Makochi akavuta kama anavyovuta ngozi juu ya mkono wa kochi, kwa kiuno na si kwa vidole, na mwalimu akaruka. Wanaosema aligusa dari wanatia chumvi, aliikaribia tu. Kisha akatua kama mfuko wa saruji.

"Mama yangu!"

Mama Makochi akapiga magoti. "Nimekuua?"

"Sijafa. Mgongo tu."

"Si hukuingiza kidevu! Na mkono umeuacha wapi? Mwalimu mzima!"

"Mimi huwa naangusha, mama," mwalimu akasema akiugulia. "Lini mara ya mwisho mtu kuniangusha?" Akanyoosha kidole ukutani. "Chukua ngao yako. Halafu unifundishe."

Nondo ndiye aliyeanza kupiga makofi, na viganja vile vikipiga, madirisha hutetemeka.

Jioni iliyofuata Mama Makochi alimkuta wifi mlangoni mwa ukumbi.

"Nimekuja kuangalia tu."

"Kuangalia ni kule dirishani. Vua viatu."

"Wifi, nikikuumiza, kaka atanila nyama!"

"Nishike kola. Hapo. Sasa vuta."

Nyuma yao mwalimu na Nondo walikuwa wameketi mstari mmoja, videvu vifuani, wakingoja zamu ya kuanguka. Wifi akavuta, akapiga kelele yeye badala ya anayeangushwa, kisha akaangalia mikono yake kama ameiokota njiani.

"Ala! Nimeweza!"

"Umeweza," Mama Makochi akasema kutoka chini, akicheka. "Tena."