Tulivyoupigia ngoma mtambo unaotaka kimya, Makambako

Wakuu, kwema humu? Chumvi nimeiacha jikoni, haya yalinikuta mwenyewe.

Juzi mdau mmoja kaelezea ile mitambo ya wazungu ya kunasa mawimbi ya mvutano kutoka angani. Kumbe ubora wake hupimwa kwa utulivu. Lori likipita tu, data zinachafuka.

Nikacheka peke yangu, maana na sisi tulikuwa na mdogo wake.

Enzi za ruksa, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nje kidogo ya Makambako, kulikuwa na kituo cha kupima matetemeko. Sindano inachora kwenye karatasi inayozunguka. Ardhi ikitulia, mstari unanyooka. Mimi nilikuwa kibarua wa kubadilisha karatasi, nasubiri kuajiriwa.

Bosi tulimwita Mzee Kimya. Alitukataza hata kukimbia eneo lile.

Sasa miaka ile, kila mali ya serikali iliyoonekana imelala ilikuwa inafungwa au kuuzwa. Akaja kiongozi kutoka Dar, akaona mstari umenyooka, akauliza mbona mtambo umekufa. Akaahidi kurudi kuutathmini. Akiukuta vilevile, kituo kinafungwa.

Mzee Kimya, mtaalamu mzima, badala ya kumweleza kwamba mstari ule ndio sifa ya mtambo, akanywea. Mgeni alipoondoka, bosi akatuita.

"Vijana, akirudi nataka sindano icheze."

Basi siku ya ugeni kikaletwa kikundi cha ngoma, akina mama wa Kibena, na ulanzi, ile pombe ya mianzi, wa kutosha. Wakapangwa kando tu ya shimo ulimowekwa mtambo. Mama mmoja akauliza harusi ni ya nani, akajibiwa ni ya mashine.

Nami nikaruka nao mpaka kandambili ikakatika. Nilikuwa naitaka ile ajira jamani.

Sindano ikacheza kuliko wachezaji. Mgeni rasmi akapiga makofi, akatangaza mtambo umefufuka, akaondoka na karatasi kama ushahidi.

Karatasi ikafika kwa wataalamu waliotuletea mtambo. Wakalitafuta tetemeko lile kwenye vituo vingine, wapi! Wakaamua Makambako kuna kelele mno, hapafai. Mtambo ukang'olewa, ukapelekwa Kitulo kwenye maua na baridi.

Mimi nikarudi kwetu Matembwe kubeba mbao. Mzee Kimya akapandishwa cheo, akahamia Njombe mjini. Sababu iliyotajwa: aliufufua mtambo.

Bado inaniuma, sifichi.

Funzo: kabla hujapimwa, jua anayekupima anaelewa nini. Vinginevyo utafungiwa kwa kufanya kazi vizuri.

Nanyi mliowahi kumchezea ngoma mgeni rasmi, shukeni hapa chini. Ila msiruke sana.